Kabla ya bunduki, tafuteni ngazi: barua ya wazi kutoka Mikindani

Kwa Wizara ya Uchukuzi. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania. Kamandi ya Wanamaji. Na wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi.

Waheshimiwa,

Barua ya Mswahili huanza na shikamoo, na mimi nimekwama papo hapo, maana wengi wenu ningeweza kuwazaa. Lakini cheo nacho kina umri wake. Shikamooni, tuendelee.

Mimi ni baharia mstaafu, mtu wa Mikindani. Nilianzia ngamani, nikikumba maji kwenye jahazi la baba mdogo, nikaja kumalizia kwenye meli za mizigo za watu wa nje nikiwa serahangi. Kwa wasiojua kazi za deki, serahangi ndiye mnyapara wa kamba, nanga, rangi na ngazi. Kati ya 2009 na 2012 tukaongezewa kazi ambayo hakuna mkubwa wangu aliyewahi kunifundisha: kufunga seng'enge za wembe kuizunguka meli nzima, kuwazuia maharamia. Viganja vyangu vina alama mpaka leo.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kuniaga. Amepata mkataba wake wa kwanza, meli ya kubeba makaa ya mawe. Tukakaa barazani, nikamwuliza, "Maharamia wakiwajieni huko utafanyaje?" Akacheka. "Mjomba, hayo mambo yalikwisha. Yalikuwa ya enzi zenu." Nikamwuliza somo la usalama wa meli alifundishwa vipi. "Tulionyeshwa slaidi, mjomba." Seng'enge? Aliiona pichani. Ngazi ya maharamia? Hajui ikoje. Chuo sikitaji, na walimu wenyewe siwalaumu, kwa sababu huwezi kumfundisha mtu kufunga seng'enge kama hata roli moja hujapewa. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na kulipokucha nikaomba karatasi.

Hayajakwisha. Machi 12, 2024, meli ya Bangladesh iitwayo Abdullah ilitekwa katika Bahari ya Hindi ikiwa na mabaharia 23. Ilikuwa imebeba tani 55,000 za makaa ya mawe kutoka Maputo kwenda Umoja wa Falme za Kiarabu. Haikuwa na walinzi wenye silaha. Watu wale walikaa mikononi mwa maharamia mwezi mzima. Sasa fungueni ramani. Meli inayotoka Maputo kwenda Ghuba hupanda na Mlango wa Bahari wa Msumbiji, sisi tukiwa mkono wake wa kushoto. Makaa ya mawe, mwendo wa pole, mzigo umeizamisha meli mpaka kwenye alama. Mpwa wangu anakwenda kupanda meli ya aina hiyo hiyo.

Novemba 6, 2025 ikawa zamu ya Hellas Aphrodite, meli ya mafuta iliyokuwa ikitoka India kwenda Durban. Maharamia waliifyatulia risasi na makombora, wakapanda. Ila mabaharia wote 24 walikuwa wamekwisha jifungia ndani, na kesho yake meli ya kivita ya Hispania ikawafikia wakiwa salama. Nitairudia habari ya kujifungia.

Na kwa wanaosema hayo ni ya Wasomali na bahari yao, nawakumbusha Desemba 10, 2010. Meli ya makontena MSC Panama ilitoka Dar es Salaam kwenda Beira ikiwa na mabaharia 23 wa Myanmar. Ilitekwa kama maili 80 za baharini mashariki ya mpaka wetu na Msumbiji. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watu watano na bomba lao la kurushia makombora. Maili 80 ni kilomita 148 hivi, yaani karibu zaidi kuliko kutoka hapa kwenda Masasi na kurudi. Majuma mawili baadaye, Desemba 27, meli ya uvuvi Vega 5 ikachukuliwa upande wa Msumbiji na kugeuzwa meli mama ya maharamia, yaani ya kubebea boti zao, mpaka wanamaji wa India walipoikamata Machi 2011. Oktoba ya mwaka huo huo ikashambuliwa meli ya shughuli za utafutaji mafuta ndani ya bahari yetu wenyewe, na watu saba wakakamatwa. Nakumbuka vizuri mwaka ule. Kwenye meli yetu hakuna aliyevua viatu kulala.

Halafu wakatulia. Meli za kivita za mataifa zilijaa, walinzi wenye bunduki wakapakiwa, na sisi wa deki tukawa mafundi wa seng'enge. Ikafika Januari 1, 2023, vyama vya wenye meli vikaondoa eneo lote la Bahari ya Hindi lililokuwa limewekwa alama ya hatari kubwa. Seng'enge zikateremshwa, walinzi wakapunguzwa. Mwisho wa mwaka huo huo Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, wakaanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, manowari zikaelekezwa huko, na kabla Desemba haijaisha meli Ruen ilikuwa imekwisha tekwa. Paka akiondoka panya hutawala, na panya huyu hakuwa amekufa, alikuwa amelala. Meli zinazoikwepa Bahari ya Shamu nazo huzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa hiyo zinazopita upande wetu ni nyingi kuliko zamani.

(Mzee mmoja wa Kilwa aliniambia niache kusema uharamia ni jambo la kisasa. Mwaka 1505 Wareno walishuka Kilwa Kisiwani na mizinga, wakapora mji, na vitabu vikawaita wavumbuzi. Sikuwa na jibu.)

Niseme sasa jinsi meli inavyotekwa, maana naona watu wengi wanadhani ni vita. Si vita. Ni wizi wa kupanda ukuta. Kuna meli mama, mara nyingi jahazi au meli ya uvuvi iliyoporwa. Mgongoni au nyuma yake kuna boti mbili tatu za faiba zenye injini kubwa. Boti zinateremshwa asubuhi na mapema au magharibi, wakati jua liko chini na linamchoma macho mtu wa zamu. Zinakuja kutoka nyuma, upande wa tezi, ambako rada huona vibaya na mtu hatazami. Zikifika ubavuni, kazi iliyobaki ni ngazi. Ngazi nyembamba ya chuma au alumini yenye ndoano mbili juu. Ndoano ikishika ukingo wa meli, kijana mwepesi asiye na viatu anapanda kama anayekwea mnazi. Wa kwanza akifika briji, chumba cha kuendeshea meli, bunduki moja inatosha kuwatawala watu ishirini na kitu. Yote hayo huweza kwisha ndani ya robo saa.

Kwa hiyo haramia anahitaji mambo machache sana: asionekane, meli isikimbie, ubavu uwe mfupi, na akishapanda apate watu wa kuwakamata. Mnyime moja katika hayo na mara nyingi anakwenda kutafuta meli nyingine. Ndiyo siri yenyewe, na ni ya gharama ndogo kuliko watu wanavyofikiri.

Kuona ndiko kunakotangulia. Kwenye meli yetu tuliongeza watu wawili wa zamu, mmoja kila ubawa wa briji, wakibadilishana kila baada ya saa moja, kwa kuwa jicho likishatazama maji saa mbili linaona kila wimbi ni boti, au halioni kitu kabisa. Tukamweka mwingine nyuma kabisa, tezini, na redio ya mkononi. Na tukatengeneza masanamu: ovaroli zilizojazwa matambara, helmeti juu, tukazisimamisha kwenye reli kama watu wa zamu. Moja tulilipa jina la Mzee Zamu. Kila asubuhi mpishi alikuwa akimpitia na kumwamkia. Mnacheka, lakini mtu wa kwenye boti akitazama kwa darubini akaona meli ina watu sita wamesimama wanamtazama, anajua ameonekana kabla hajaanza.

Mwendo nao. Miongozo ya sekta ya meli ya 2011 ilieleza kwamba haijawahi kuripotiwa meli iliyopandwa ikiwa kwenye noti 18 (maili 18 za baharini kwa saa) au zaidi, na kwamba meli yenye ubavu wa zaidi ya mita nane juu ya maji ina nafasi kubwa zaidi ya kuponyoka. Vizuri. Lakini meli ya makaa iliyojaa inakwenda noti 12 au 13 kapteni akiomba dua, na ubavu wake uko chini. Yenye mwendo na urefu ni ile kubwa ya makontena, na hiyo haramia anaiacha ipite. Inayobaki kuliwa ni kama zile zinazoondoka kwenye gati letu na makaa ya Ruvuma. Kwa meli kama hiyo, kinachofidia ubavu mfupi ni seng'enge na usukani. Kapteni akiyumbisha meli kulia na kushoto, si kwa fujo bali kwa kipimo, mawimbi yanayotoka ubavuni yanaifanya boti ndogo iruke kama kikaango, na ngazi haitulii.

Kuhusu seng'enge nina mengi ya kusema, mniwie radhi. Seng'enge ya kawaida ya shambani haifai. Inatakiwa ya wembe, ya mduara mkubwa, iliyosukwa mara mbili, na ifungwe ikitokeza nje ya ukingo, si ndani. Hilo ndilo kosa nililoliona kwenye meli nyingi nilizopishana nazo bandarini: waya umelazwa ndani ya reli kama kitanda cha kuku. Ngazi ikija, ndoano inashika reli kwa raha, na waya uko nyuma yake unatazama. Ukitokeza nje, ndoano inanasa waya, waya unavutika, mtu anakatika mikono. Halafu uufunge kwa kamba ya chuma inayopita katikati ya roli, usije ukang'olewa kwa ndoano moja. Kuifunga meli ya mita 180 kulituchukua watu wanane siku tatu, na glavu za kitambaa tulizopewa ziliraruka siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana. Chumvi inaila waya haraka. Baada ya miezi michache unauvunja kwa mkono, na seng'enge ya kutu inamtisha mwenye meli tu, si haramia.

Mipira ya kuzimia moto iliyofungwa ukingoni ikimwaga maji nje inasaidia, kwa sababu maji yanajaza boti. Milango ya chuma ifungwe kwa ndani. Ngazi ya rubani ipandishwe rubani akishashuka. Msicheke, nimeona imeachwa.

Sasa kujifungia. Mabaharia wanaiita sitadeli, ngome. Ni chumba ndani kabisa, mara nyingi chumba cha mitambo au cha usukani, chenye maji, chakula, choo cha ndoo, na redio ya setilaiti. Wazo lake ni jepesi: haramia akipanda asimpate mtu hata mmoja, na meli isimtii. Septemba 2010 ilitekwa Magellan Star, mabaharia wake 11 wakajifungia, na kesho yake wanamaji wa Marekani wakaipanda meli na kuwakomboa. Ila ngome ina masharti. Lazima waingie wote. Akibaki mmoja nje, ngome nzima imekufa, kwa sababu huyo mmoja ndiye ufunguo. Lazima mitambo izimwe na haramia asiweze kuiwasha. Na lazima kuwe na mtu upande wa pili wa redio. Januari 2011 mabaharia wa Beluga Nomination walijifungia kaskazini ya Shelisheli. Hakukuwa na manowari karibu, maharamia wakapata muda wa kutosha kuivunja ngome ile, na mabaharia kadhaa hawakurudi kwao. Ngome bila wa kukuitikia ni kaburi lenye mlango mnene. Hapo ndipo barua hii inapoanza kuwahusu ninyi, na nitafika.

Bunduki. Nisiwadanganye, bunduki zinafanya kazi. Maersk Alabama ilipandwa Aprili 2009 ikielekea Mombasa. Fundi mkuu na wenzake walizima mitambo, meli ikawa giza, wakamkamata haramia mmoja huko chini, lakini kapteni akachukuliwa kwenye boti ya kuokolea. Novemba mwaka huo huo meli ile ile ikafuatwa tena. Mara hii ilikuwa na walinzi wenye silaha, na maharamia wakarudishwa. Mwenye meli akiniuliza kama achukue walinzi kupita Somalia, nitamwambia achukue.

Ila bunduki inataka jicho kabla ya kidole. Februari 15, 2012, wanajeshi wa Italia waliokuwa wakiilinda meli ya mafuta Enrica Lexie waliwapiga risasi na kuwaua wavuvi wawili wa India karibu na pwani ya Kerala, wakidhani ni maharamia. Kesi ilikwenda miaka minane, mpaka 2020 mahakama ya usuluhishi ikaamua Italia iilipe India fidia. Wale wawili walikuwa wametoka kuvua, kama wanavyotoka watu wa Msangamkuu kila siku.

Niwaeleze niliyoyaona mwenyewe. Ilikuwa 2011, tunatoka Dar es Salaam kuja Mtwara kupakia korosho. Tulikuwa na walinzi wanne wenye bunduki, watu wa mbali. Alfajiri, kama maili 18 nje ya pwani ya Lindi, boti ya faiba ikatokea mkono wa kulia inakuja mbio. Watu sita. Mmoja amesimama mbele, anapunga kitu kirefu. King'ora kikalia. Mlinzi mmoja, kijana, akarusha fataki ya kuonya. Boti haikupungua. Akapiga risasi majini, mbele yao. Yule mtu akazidi kupunga.

Nikachukua darubini. Kitu kirefu kilikuwa pondo, na nchani mwa pondo kuna shati. Nikatazama ndani ya boti: ndoo, nyavu, mtungi wa maji. Nikatazama mbele ya meli yetu, nikayaona madumu ya njano yamejipanga juu ya maji, dumu baada ya dumu. Jarife, nyavu kubwa ya kutega. Wale watu walikuwa wanaiwahi nyavu yao isikatwe na meli. Nikapiga kelele briji, kapteni akageuza usukani, tukapita pembeni. Boti ikatukaribia kiasi cha kusikia sauti, na tusi nililotukanwa asubuhi ile lilikuwa la nyumbani kabisa, Kimwera safi. Sijawahi kufurahi hivyo kutukanwa.

Yule mlinzi kijana alikuja baadaye nilipokuwa nakunja mipira. Mikono bado ilikuwa inamtetemeka. Akaniuliza mimi nilijuaje. Nikamwambia, "Hawakuwa na ngazi."

Ndiyo hivyo tu. Mvuvi ana nyavu, ndoo, barafu, karabai. Haramia ana mapipa ya mafuta yasiyolingana na boti yake, hana chombo cha kuvulia, na ana ngazi. Hakuna mvuvi duniani anayekwenda kuvua na ngazi. Yule kijana alikuwa amefundishwa kulenga, lakini hakuna aliyemfundisha hilo, na wale sita waliponea mahali padogo sana.

Ninachokiomba kwenu kinatoka humo.

Kwanza, nahodha wa meli yoyote inayokuja Mtwara, Lindi au Kilwa apewe, pamoja na habari za kina cha maji na rubani, karatasi moja inayomweleza wavuvi wetu: wanavua wapi, msimu gani, taa zao zikoje usiku wa dagaa, madumu ya jarife yanaonekanaje, na kwa nini mvuvi anaweza kuja mbio kuelekea meli. Wakala wa meli aikabidhi kabla meli haijafika. Ni karatasi. Haina tenda, haina semina.

Upande wa pili, wavuvi nao waambiwe. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari vipo kwenye vijiji vyetu, vina viongozi, vina vitabu vya mahudhurio. Afisa wa bandari na askari wa wanamaji waende Feri ya hapa Mtwara, waende Msimbati, Kilwa Kivinje na Songo Songo, wakae chini na watu. Wawaeleze kwamba meli inayorusha fataki imeogopa, na kwamba kuifuata ni kuhatarisha maisha kwa ajili ya nyavu. Wakubaliane ishara. Watu wa Msimbati wana sababu nyingine ya kuhitaji mazungumzo hayo: upande wa pili wa Ruvuma, Cabo Delgado, kuna vita tangu 2017, na mvuvi wa mpakani amekwisha zoea kusimamishwa na kila mwenye bunduki. Tusimwongezee mwingine.

Na hao hao wavuvi ndio macho yenu. Doria ya jeshi, hata ingekuwa na vyombo vingapi, haiwezi kuwa kila mahali kuanzia Rufiji mpaka Ruvuma. Mvuvi yupo kila mahali, kila usiku. Jahazi geni likikaa siku mbili pasipo kuvua wala kushusha mzigo, yeye ndiye anayeliona kwanza. Juzi nilikwenda Feri, nikawauliza vijana saba waliokuwa wanashusha vibua: ukiona chombo usichokielewa, unampigia nani? Mmoja akasema atampigia mwenye boti. Mwingine akasema atanyamaza, maana ukitoa taarifa unakuwa shahidi, na ukiwa shahidi huvui. Dar es Salaam kuna kituo cha kupashana habari za usalama wa bahari, kilichotokana na mwongozo wa Djibouti wa 2009, makubaliano ya nchi za ukanda wetu dhidi ya uharamia. Namba yake iandikwe ukutani Feri kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa, kwa Kiswahili. Na anayepiga asiitwe polisi kuandika maelezo siku tatu mfululizo. Hapo ndipo mtu aliyejifungia ngomeni, maili 80 kutoka hapa, anapoweza kupata wa kumwitikia, kwa sababu bara walikuwa wamekwisha jua kuna chombo kibaya tangu juzi yake.

Kuna majahazi pia, na hili najua halina mtetezi. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli, zile zilizoanza Julai 2004, zinazigusa meli za mizigo za kuanzia tani 500 zinazokwenda nchi za nje. Jahazi linalotoka Mtwara na vitunguu na saruji kwenda Komoro haliguswi. Halina kitufe cha dharura, lina redio akipenda mwenyewe. Lakini kumbukeni haramia anatafuta nini kabla ya kutafuta meli kubwa: anatafuta chombo cha kumbeba mpaka bahari kuu kisichotiliwa shaka. Hata waliomshambulia Hellas Aphrodite walitokea kwenye jahazi la uvuvi la Iran walilokuwa wameliteka. Akililinda jahazi, TASAC ameilinda na meli ya makaa. Ukaguzi wa chombo ukifanyika, iulizwe redio inayofanya kazi chaneli 16, ile ya kuitia msaada, kiwepo kifaa cha kuita msaada, na nahodha aache bandarini majina ya watu wake na siku anayotarajia kufika. Asipofika, aulizwe siku ile ile, si wiki ijayo. Gharama ya kifaa isiwekwe yote mgongoni kwa mwenye jahazi, la sivyo atakinunua cha kuonyesha siku ya ukaguzi.

Mwisho, mafunzo. Kijana wa kusini anayetaka vyeti vya ubaharia bado anasafiri kwenda Dar es Salaam, analipa chumba, anakula kwa mama ntilie miezi, na somo la usalama linampitia kama slaidi. Tuna gati jipya la mita 300 hapa Mtwara. Msimu wa korosho ukifunga, kuna siku gati linabaki na kunguru. Leteni somo hilo hapa, kwa Kiswahili, kwenye chuma halisi. Mpeni kijana roli la seng'enge alifunge ukingoni mpaka alifunge sawa. Leteni boti ya faiba na ngazi ya ndoano, mmoja apande, wengine wamzuie kwa maji. Wafungieni ngomeni kwa muda wa saa sita, gizani, wahesabiane majina. Halafu wapeni darubini alfajiri, na boti mbili baharini, moja ya mvuvi na moja ya kuigiza, wawaambie ipi ni ipi. Atakayekosea, arudie.

Siombi posho. Nipo Mikindani, nyumba ya pili kutoka msikiti wa pwani, na bado naweza kuonyesha fundo la kufungia waya hata macho yamefumbwa. Wapo na wenzangu wanne watano, mmoja Lindi mjini, alikuwa fundi wa mitambo na amewahi kukaa ngomeni siku nzima kwa king'ora kilichokuwa cha uongo. Mwacheni awasimulie kuhusu ile ndoo.

Maleleji yanakaribia. Kusi likishalegea boti ndogo zinaiweza bahari kuu, na hapo hapo ndipo korosho inapoanza kuondoka. Mpwa wangu anasafiri Jumanne. Nimemnunulia glavu mbili za ngozi, zile ndefu za mafundi wa kuchomelea, na juzi jioni tulikaa uani na kipande cha seng'enge nilichokitoa nyuma ya banda la kuku. Mara ya tatu akafunga kikatokeza nje ya ukingo kama inavyotakiwa. Wenzake atakaokuwa nao melini sijui nani amewafunza.

Wenu,
Serahangi mstaafu,
Mikindani, Mtwara